Mrejesho: ile formasio (mafunzo) ya walimu niliyokosa siku mbili

Aksanti sana wote mulionijibu. Niliuliza kama naweza pata sertifika wakati nimekosa siku mbili kati ya tano, juu mtoto alikuwa na malaria. Nilifanya vile mulisema, nikamuona formatere, ule anatufundisha, asubuhi mbele wengine hawajafika, nikamupa karatasi ya santé (kituo cha afya), akapitisha kidole kwenye lisiti mpaka jina langu, nafasi mbili za sinyatire zilikuwa wazi. Akasema kusaini peke haitoshi, wanaangalia pia nani anafundisha somo la mfano mbele ya wenzake. Basi nikafundisha kugawanya, na vizibo vya chupa. Sertifika nimepata! Lakini kwa kweli masharti hayo wayaseme siku ya kwanza, maana sisi wa Bagira tunatoka mbali, upande mwingine wa Bukavu, tunafika Nguba kwenye formasio tumelowa tayari.