Naomba ushauri: dawa ya kupunguza damu kwenye opareshini ya goti
Habari zenu wakubwa. Mama yangu yuko Jinja, goti la kulia limeisha kabisa, akiinuka kwenye kiti unaliskia linalia, sasa dokta wa Kampala amesema wamuwekee goti la bandia na kabla hawajapasua watampa traneksamiki gramu 1 ya mshipa ili asipoteze damu nyingi. Nilivyoelewa hiyo dawa haigandishi damu yenyewe, inazuia tu bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema, ndo hiyohiyo wanawapa kina mama wakivuja sana baada ya kujifungua. Mimi naiona poa, maana mama ni O negativu na kupata damu ya kundi hilo siyo mchezo.

Shida ni kwamba zamani aliwahi kuganda damu mguuni akameza warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) muda mrefu, na dada yangu (huyo kila kitu anaogopa) anasema ataganda tena. Kuna mwenye mzazi wa historia kama hiyo? Walimchoma ya mshipa au walimwagia mlemle ndani ya goti? Na figo nidai zipimwe kwanza, si dawa inatokea huko? Manesi na madokta msinipite tafadhali.