Somo la kufikiri kwenye vyuo vya ufundi Uganda: lipo la kufundishwa?

Mwalimu wa Umeme, Mbale
Naandika nikiwa bado na hasira. Jana niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili soketi isiyofanya kazi, watafute tatizo. Testa inawaka kwenye matundu yote mawili, badala ya lile la fezi (waya wenye umeme) tu. Wote 14 wakaandika "fezi mbili zimeingia". Hakuna aliyejiuliza fezi ya pili imetoka wapi kwenye nyumba inayolishwa fezi moja tu. Sakiti wanachora vizuri kuliko mimi, ila ukiwauliza "kwa nini" wanakutazama kama umewakopa. Napendekeza kila chuo kiwe na somo la fikra tunduizi, saa 2 kwa wiki, na litahiniwe. Bila hivyo tutaendelea kupokea waliofeli Senior Four (kidato cha nne) na kuwarudisha mtaani vilevile, ila sasa wameshika bisibisi.

Grisi wa Katwe
"Waliofeli." Asante mwalimu. Mimi Senior Four nilifaulu, kilichofeli ni karo ya Senior Five. Leo wenye digrii wananingoja kwenye benchi na kuniita ssebo, yaani bwana. Gari likigoma kuwaka naanza na betri, nakuja fyuzi, kisha mafuta. Hiyo si fikra? Nani alinipa kwa chaki?

Nnyabo wa Cherehani
Samahani, tunduizi ndiyo nini? Ya kutundika?

Mzee wa Koboko
Ni kutokubali jambo mpaka ulikague, binti. Neno la vitabu vya Tanzania hilo. Lakini mwalimu amekosea mlango. Watoto wanafikiri sana, shida wanafikirishwa kwa Kiingereza. Mwulize huyo kijana "kwa nini" kwa lugha anayonunulia chapati, uone. Vyuo vifundishe kwa Kiswahili.

Kijana wa Wandegeya
Banange, tumefika huko? Lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani. Mama yangu mpaka leo akisikia "njoo hapa" anapapasa kitambulisho.

Mzee wa Koboko
Mama yako alitishwa na watu, hakutishwa na lugha. Sisi huku tunabembelezea watoto kwa hicho Kiswahili. Na sheria ipo, tangu Obote alipokitangaza lugha ya taifa.

Binti Busia
Shikamoo mzee, ila si Obote. Ni Amin, 1973, na ndiyo maana wengine hawakisamehe. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kiwe lazima msingi na sekondari. Mpwa wangu yuko P5 (darasa la tano), anajua "jambo" na "asante".

Kijana wa Wandegeya
Basi fundi atatafuta shoti kwa "jambo" na "asante".

Mzee wa Koboko
Mbona unakiandika vizuri hivyo, wewe unayekiogopa?

Kijana wa Wandegeya
Miaka 3 ya mjengo Nairobi. Sikusema sikijui, mzee. Nimesema sikipendi.

Grisi wa Katwe
Mwalimu katukimbia.

Mwalimu wa Umeme, Mbale
Nilikuwa karakana. "Waliofeli" nalifuta, ndugu yangu, hasira ilinishika. Lakini betri, fyuzi, mafuta ni orodha. Siku vyote vitatu ni vizima na gari bado limelala, unafanyaje? Mimi namtaka huyo anayebaki amesimama orodha ikishaisha.

Grisi wa Katwe
Nampigia aliyenifundisha.

Karakana ya Lira
Nafundisha uashi. Mwalimu mwenzangu, umesema somo litahiniwe, na hapo ndipo utakapolizika. Mitihani ya bodi ya taifa ya ufundi ikikaribia, kijana anajenga kona ileile mara 20. Mpe ukuta uliopasuka aniambie umepasukia nini, swali lake la kwanza: "hii itakuja?" Weka somo la kufikiri, atakariri maana ya kufikiri na apate alama zote. Mimi huwa naharibu kitu makusudi kila Ijumaa, nawaacha nacho, natoka nje. Ratiba haikuhitaji saa mpya. Na wale waliofanya UCE (mtihani wa Senior Four) 2024 kwa mtaala ule mpya ulioanza 2020, wa miradi, naona wanabisha zaidi kidogo kuliko kaka zao. Wananichosha, lakini wanabisha.

Nnyabo wa Cherehani
Ni kweli. Mwanafunzi wangu alikata gauni kwa vipimo sahihi kabisa, mteja bega moja limeshuka. Alimpima yeye mwenyewe, bega analiona! Akaniambia, "Mama, karatasi haikusema." Lakini mbona soketi ya mwalimu hamkuijibu? Fezi ya pili ilitoka wapi?

Grisi wa Katwe
Ardhini.

Kijana wa Wandegeya
Mita mbovu.

Mwalimu wa Umeme, Mbale
Hakuna fezi ya pili. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) niliilegeza kule mwanzo kabisa, na chumba cha pili niliacha taa imewashwa. Umeme unapita kwenye balbu, unafika kwenye nyutro, haupati pa kurudia. Kwa hiyo testa inawaka huku na huku, ila ni fezi ileile imezunguka.

Grisi wa Katwe
Na nyutro hiyo ukiishika?

Mwalimu wa Umeme, Mbale
Inakupiga kama fezi. Volti 240.

Nnyabo wa Cherehani
Yesu wangu. Soketi ya pasi dukani kwangu iko hivyohivyo tangu Jumatatu.

Mwalimu wa Umeme, Mbale
Zima meinswichi sasa hivi, nnyabo. Usiguse chochote. Umeita fundi?

Nnyabo wa Cherehani
Alikuja. Kabadilisha soketi mara mbili, kachukua elfu ishirini.

Grisi wa Katwe
Mwulize alisoma chuo gani.