Kwa nini wenye mashamba wa Wisconsin walipinga kuuawa kwa kulungu?

Swali: Ndugu zangu, kwa nini wenye mashamba wengi wa Wisconsin, jimbo la Marekani, walipinga kulungu kupunguzwa kwa risasi, ilhali ugonjwa unaowakondesha hadi kufa, uliogunduliwa huko mwaka 2002, hauna tiba wala chanjo?

Jibu la kwanza: Ndugu, wengi wa waliouawa walionekana wazima kabisa, na mtu aliyetunza msitu wake ili awinde pamoja na wanawe hawezi kulipokea hilo kwa urahisi.

Jibu la pili: Nakubali kwa kiasi. Hata hivyo, katika jimbo jirani la Illinois wadunguaji wa serikali huingia kwa idhini ya mwenye ardhi, na maambukizi yamebaki chini kuliko Wisconsin.

Jibu la tatu: Msisahau udongo, kwani prioni, yaani protini zilizoharibika zinazoleta ugonjwa huu, hudumu humo kwa miaka.