Mgodi kukubalika na wananchi: Botswana, Panama, Serbia na kwetu

Mwanakanda: Wakuu, nalinganisha nchi zinazoupokea mgodi na zinazoukataa. Botswana, serikali na kampuni ya De Beers wanamiliki Debswana, kampuni ya migodi ya almasi, nusu kwa nusu, na almasi imejenga shule na barabara. Panama, mgodi wa shaba wa Cobre Panamá ulibeba karibu asilimia 5 ya uchumi wa nchi, lakini 2023 watu walifunga barabara wiki kadhaa hadi Mahakama ya Juu ikaubatilisha mkataba wa serikali na mwenye mgodi. Naona tatizo si pesa. Bunge lilipitisha mkataba ule Oktoba 20 na rais akasaini siku hiyohiyo! Nani alipata muda wa kuusoma?

Kalahari_B: Botswana usiisifie yote. Wasani, wenyeji wa asili wa Kalahari, walihamishwa kwenye hifadhi ya Kalahari ya Kati, wakashinda kesi 2006. Almasi wanaipenda zaidi walio mbali na shimo.

Msambweni: Huku Kwale, Kenya, sheria ya madini ya 2016 iligawa mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa madini unayochimba, vizuri: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kwenye karatasi. Hiyo 10 wazee waliisubiri miaka na miaka huku malori ya titani yakipita mlangoni. Mchanga wenye titani ulikwisha 2024. Kijana wa hapa ukimuuliza habari za mgodi mwingine, anakuuliza kwanza ile ya kwanza iliishia wapi.

Belgrade_Mbongo: Serbia nayo si maskini kama sisi, lakini wakulima wa bonde la Jadar waliukataa mgodi wa lithiamu, madini ya betri, wa kampuni ya Rio Tinto kwa hofu ya maji yao. Januari 2022 serikali ikafuta vibali, Julai 2024 ikavirudisha. Maandamano yakaanza upya. Ukishageuka mara moja, hata ripoti nzuri ya mazingira haiaminiki tena.

Nyarugusu1: Mimi nyumba ya mama ilipigwa X nyekundu, ibomolewe kupisha mgodi. Mthamini akahesabu hadi miembe, akasema tusiongeze hata tofali. Mvua mbili za masika zimepita, bati linavuja juu ya kitanda chake na tunaogopa kuligusa. Mama hana neno na dhahabu. Anataka tu kuambiwa tarehe.

Mwanakanda: Pole sana mkuu, mpe mama pole. Tafuta nakala ya fomu yake ya uthamini. Sheria ya uthamini ya Tanzania ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, ikizidi inalipwa na riba, na baada ya miaka 2 uthamini unarudiwa. Iliidhinishwa lini?