Malta na watoto, mwezi wa tisa: visa, pa kukaa, gari au basi?

mama_wawili (Dar)
Wakuu, habari za leo. Tunapanga kwenda Malta Septemba, usiku 8, watu wazima wawili na watoto wa miaka 5 na 9. Tumeona fleti Sliema, bei si mbaya, tangazo linasema bahari iko mlangoni. Watoto wanachotaka ni mchanga tu. Tukodi gari au mabasi yanatosha? Na tukivuka kwenda Sicily kwa siku moja, visa ya kuingia mara moja inatosha?

Mzee wa Viza
Inatosha. Malta na Italia zote ni Schengen (nchi za Ulaya zenye visa moja), kwa hiyo boti ya Valletta hadi Pozzallo, bandari ya Sicily huko Italia, haihesabiwi kuwa umetoka. Ombeni ya Malta kwa kuwa ndiko mtakakolala siku nyingi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ila hizo 15 usizitegemee: nafasi za miadi kiangazi hujaa. Tafuteni ya Mei. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa wa miaka 9, wa miaka 5 halipi. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na iandikwe wazi kwamba inafaa nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai miezi 3 baada ya kuondoka huko. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto msivisahau.

Panapokwamisha watu ni taarifa ya benki. Pesa nyingi iliyotumbukizwa wiki moja kabla ya miadi, haina maelezo, inatia shaka kuliko salio la kawaida lenye mshahara unaoonekana kila mwezi.

kisiwani_kisiwani
Dada, Sliema iacheni. Bahari kweli iko mlangoni, lakini ni majabali na ngazi za chuma za kushukia kwenye kina. Mtoto wa miaka 5 atakaa anaangalia tu. Nendeni Mellieħa: mchanga, na maji ni ya kina kifupi mpaka mbali. Septemba bahari bado ina joto la kiangazi.

Kabla ya kutoka asubuhi angalia upepo. Ukivuma wa kaskazini-magharibi, fukwe za Golden Bay na Għajn Tuffieħa zinapigwa mawimbi yenye mkondo wa kuvuta, hapo hamisheni ratiba mwende Pretty Bay, Birżebbuġa, upande wa pili wa kisiwa. Mandhari yake ni makreni ya bandari, lakini maji yametulia. Bendera ya zambarau maana yake kuna yavuyavu.

Gari: wanaendesha kushoto kama kwetu, na leseni ya nje inakubalika miezi 12 tangu kuingia. Tatizo ni foleni na maegesho. Mistari myeupe ya maegesho ni ya wote, ya kijani ni ya wakazi. Kodini siku 2 za Gozo tu, kile kisiwa cha pili. Siku nyingine basi. Namba 41 na 42 zinatoka Valletta kupita Mellieħa hadi Ċirkewwa, kwenye feri ya Gozo, na tiketi moja hudumu saa 2. Basi likijaa halisimami kituoni, basi pandeni mapema au mwanzo wa njia.

Feri ya Ċirkewwa kwenda Gozo ni kama dakika 25, na nauli mnalipa wakati wa kurudi. Lile dirisha la mwamba la Gozo (Azure Window) linalojaa kwenye picha za matangazo lilianguka Machi 2017, msilifuate.

mama_wawili
Asanteni sana, Sliema nimeifuta. Chakula je? Sisi ni Waislamu.

kisiwani_kisiwani
Samaki ndio salama yenu. Septemba ni msimu wa lampuki, ndiye faulusi wa huku kwetu. Agizeni wa kuchoma. Pastizzi, vitafunwa vya unga vya Malta, za jibini au njegere ni rahisi na zinauzwa kila kona, ila ulizeni kwanza mafuta ya unga wake, maana wengine hutumia ya nguruwe. Msikiti uko Paola. Maji ya bomba yanafaa kunywa lakini mengi ni ya bahari yaliyochujwa chumvi na ladha yake haipendezi, nunueni ya chupa kubwa. Adapta ya umeme msinunue: soketi ni zile za pini tatu bapa.

Mzee wa Viza
Nyongeza: tarehe 8 na 21 Septemba ni sikukuu za taifa. Siku hizo msipange kwenda Gozo, foleni ya feri ni ndefu.