Godauni la marehemu baba, Tanga: tuuze au tusubiri?

MtotoWaGofu: Wakuu, heshima zenu. Marehemu baba alituachia godauni eneo la viwanda hapa Tanga. Zamani lilikuwa la kuwekea marobota ya mkonge, sasa paa limetoboka na wapangaji ni popo. Kaja mnunuzi kutoka Dar, anataka kiwanja tu. Jengo atavunja, aweke yadi ya makontena. Wadogo zangu wanataka tuuze hata kesho. Mama anagoma, anasema bomba la mafuta likianza bei itapaa. Nishaurini, ila matusi kwa mama sitaki.

Chapa_Ilale: Uza. Habari ya Tanga kuamka nimeisikia tangu niko shule. Kamba za plastiki ziliua soko la mkonge, kiwanda cha mbolea kikafungwa, vingine vikafuata. Magofu yapo, ukipita unayaona. Hela mkononi ndiyo hela.

MzeeWaGatini: Mwanangu, mama yako msikilize, lakini bomba asiliwekee tumaini. Lina urefu wa kilomita 1,443, Hoima kule Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga. Watu wengi wanahitajika wakati wa kulitandaza tu. Likishafukiwa, mafuta yanapashwa moto njia nzima yasigande, yanafika kwenye matenki, yanapakiwa melini. Hapo godauni lako linahusika na nini?

Angalieni bandari. Tuliofanya kazi pale tunajua: meli ilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ndipo uvutwe gatini. Gharama mara mbili, wenye mizigo wakakimbilia Mombasa na Dar. Sasa lango la kuingilia meli limechimbwa, kina kutoka mita 3 hadi 13, na kuna gati la mita 450 ambapo meli kubwa inafunga kamba. Mzigo ukishuka lazima upate pa kulala. Huyo bwana wa Dar hajaja kutafuta upepo wa bahari.

Fundi_Paa: Hilo paa ni bati au ni zile shiti nzito za kijivu zenye mawimbi? Kama ni hizo, nyingi za zamani ni asbesto. Msipandishe vijana na nyundo! Ikivunjwa, vumbi lake linakaa mapafuni na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Kuiondoa kwa utaratibu kuna gharama, na mnunuzi mjanja atawakata humo.

Dada_Hati: Mnabishania bei, hati iko kwa jina la nani? Kama ni la marehemu, hakuna anayeweza kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Wadogo zako wakisaini kienyeji mtaishia baraza la ardhi. Pili, imebaki miaka mingapi? Tatu, kodi ya pango la ardhi mnalipa? Mkikiuka masharti, hati inaweza kufutwa.

MtotoWaGofu: Shikamoo Mzee. Dada, hati ni ya baba, miaka 99 kuanzia 1963. Kodi… tuseme baba aliacha kulipa zamani. Paa ni shiti za kijivu.

Dada_Hati: Hiyo 1963 ndiyo mwaka sheria ilipogeuza mali huru za wakoloni (ardhi ya kumiliki bila ukomo) kuwa pango la serikali la miaka 99. Inaisha 2062, muda upo. Nenda ofisi ya ardhi uchukue hesabu ya deni kwanza, halafu mirathi.

MzeeWaGatini: Marahaba. Mkimaliza hayo, mwambieni huyo mnunuzi akodi, asinunue. Mkataba wa miaka kadhaa, paa atoe yeye kwa utaratibu, kodi ya godauni ipitiwe upya kila baada ya muda. Akikataa, mjue anachokitaka ni ardhi, na hapo bei yake ya kwanza siyo bei.

Chapa_Ilale: Na akienda kununua la jirani?

MzeeWaGatini: La jirani lina kesi mahakamani. Mwulize MtotoWaGofu.

MtotoWaGofu: 😂 Kweli, ndugu wanne na mawakili wanne. Jumatatu naenda ardhi.