Nyayo za Laetoli zifunuliwe au ziendelee kufukiwa?

Mgunga_Mkavu
Wakuu, hili linakera. Nyayo za zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu) wa Laetoli, zilizobaki kwenye jivu la volkano lililoganda, miongoni mwa kongwe kabisa duniani, ziko kwetu, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai, na zimefukiwa tangu 1996. Mtalii analipa kiingilio cha Ngorongoro halafu anaonyeshwa nakala. Mwaka 2011 Rais Kikwete alifunuliwa kipande, akataka pajengwe makumbusho. Tujenge paa, tuweke vioo, tufungue biashara. Kufukia urithi ni uvivu wa wasomi.

Fundi Mchanga
Uvivu? Paa litazuia mvua, sawa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini utauzuia na nini? Ukifika kwenye uso wa lile jivu unakauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu na kuubabua mwamba punje kwa punje. Kinachotangulia kupotea ni kingo za kisigino na vidole, yaani kile kile mtalii alichokuja kukiona.

Na hata kufukia kuna ufundi wake. Mwaka 1979 timu ya Mary Leakey, mtafiti aliyezichimbua nyayo hizo, ilirudishia mchanga wa mtoni, ikapanga mawe ya volkano juu. Mchanga ulikuwa na mbegu za mgunga, mawe yakatunza unyevu na kukinga miche. Kufika 1992 migunga ilikuwa imepita urefu wa mtu, na mizizi yake iko kwenye jivu. Taasisi ya Getty ya Marekani, inayohifadhi urithi wa kale, na Idara ya Mambo ya Kale ikabidi waanze kwa kuiua miti kwa dawa. Walipofukua 1995 na 1996, mizizi iliyopenya walikuwa wanaikata vipande vipande, maana ukiuvuta mzizi unaondoka na unyayo. Kisha wakafukia upya: mchanga uliochekechwa, kitambaa kinachopitisha maji, matabaka mawili ya kitambaa chenye vinundu vya trifluralini, dawa ya kuzuia mizizi, halafu mchanga tena, wavu wa kuzuia mmomonyoko na mawe juu. Kitu kilichongoja miaka milioni 3.66 hakina haraka na tiketi zako za Julai.

Hesabu Kali
Somo zuri, ila hiyo "milioni 3.66" umeipitisha kama chumvi kwenye mboga. Nani alikuwepo na kalenda? Kaboni 14 yenyewe pumzi inaishia miaka elfu 50 au hapo karibu. Tusilishwe.

Kipimo
Kaboni hapo haihusiki hata kidogo. Kinachopimwa ni fuwele za volkano zenye potasiamu. Potasiamu 40 hupungua nusu kila miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Mwamba ukiwa uji wa moto gesi inatoroka, ukishaganda inanaswa. Unapima agoni iliyonaswa dhidi ya potasiamu iliyobaki. Kosa la kwanza: fuwele kongwe ikizolewa na mlipuko kutoka mwamba mwingine, umri unapaa. La pili: fuwele ikichakaa inavujisha agoni, umri unashuka. Ndiyo maana siku hizi fuwele zinapigwa leza moja moja, na ile inayopishana na wenzake inajianika yenyewe. Kama hilo kwako ni hadithi, basi baki na ile kamba ya Wamaasai ya kushushia ng'ombe.

Ole wa Nyanda
Kipimo, kamba yetu imeingiaje humu? Enkai, Mungu wetu, alishusha ng'ombe kwa kamba, Mdorobo, mwindaji, akaikata: simulizi inaeleza kwa nini huyu anafuga na yule anawinda. Hakuna mzee aliyewahi kudai inapima mwamba. Tena wakati wa kazi ya Getty, loiboni, kiongozi wetu wa kidini, aliongoza sherehe pale pale ili wenyeji wapalinde. Hayo mawe unayojivunia hayalindwi na leza.

Kipimo
Sijamtukana mtu. Nimemjibu Hesabu Kali.

Ole wa Nyanda
Umemjibu kwa kutumia mgongo wetu.

Hesabu Kali
Acheni ng'ombe. Adamu aliumbwa kwa udongo. Mimi sitokani na sokwe aliyekanyaga majivu.

Nondo za Kale
Sokwe kidole gumba chake cha mguu kimechepuka kushika matawi. Laetoli kimeambatana na vingine, na uzito unaanzia kisiginoni. Udongo wa Adamu sina ugomvi nao, ila usimsingizie sokwe.

Mgunga_Mkavu
Nimeuliza nyayo, mmeniletea Adamu na ng'ombe. Na hizo sifa za Leakey na Getty zimezidi. Sisi kazi yetu ilikuwa kubeba maji?

Nondo za Kale
Taya lenye namba LH 4, ambalo ndilo kielelezo rasmi cha Australopithecus afarensis, spishi ya zamadamu inayodhaniwa ndiyo iliyoacha nyayo hizi, liliokotwa Laetoli 1974 na Maundu Muluila. Jina la spishi likatangazwa 1978. Tafuta kwanza, nuna baadaye.

Fundi Mchanga
Na hayo makumbusho yako yana kisa. Walipokuwa wanakagua eneo la kuyajenga, vishimo vya majaribio vya mita 2 kwa 2 vikaangukia nyayo nyingine, mita kama 150 kusini mwa zile za zamani. Timu ya Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazitangaza 2016. Ungemwaga zege kwanza, ungekuwa umelimwaga juu yake.

Mgunga_Mkavu
Si ndiyo hoja yangu? Bila makumbusho zisingepatikana! Na huyo mpya alikuwa dume la sentimita 165, mwenye wake zake nyuma.

Kipimo
Wake umewaona wapi? Kuna nyayo za watu wawili tu mahali hapo, na wa pili ana unyayo mmoja. Hiyo 165 nayo ni makadirio: unyayo wa sentimita 26 hivi, ukichukua kwamba mguu wa afarensis ni karibu asilimia 15.8 ya kimo. Weka asilimia 15 ya watu wa leo, anafika 174. Jinsia haisomeki kwenye jivu.

Hesabu Kali
Sentimita tisa zimeongezeka mbele ya macho yetu, halafu niamini milioni 3.66?

Kipimo
Kimo kimekisiwa kwa uwiano, umri umepimwa kwa gesi. Rudi juu usome tena.

Ole wa Nyanda
Ukirudi huko juu, ifute na ile kamba.